Kifuu na kanga kuukuu: zawadi ya Idi isiyo ghali

Nazi ikishakunwa, kifuu usikitupe: kitengeneze bakuli la kutilia viungo. Chukua nusu isiyo na macho, maana jicho moja ni laini na hutoboka upesi. Kwaruza ndani kwa kijiko mpaka nyama yote itoke. Hapa usifanye haraka: ikibaki hata kidogo, kifuu kitaota ukungu na kunuka mafuta yaliyochacha.

Kianike kivulini siku 3 au 4. Jua kali hukitia ufa kuanzia ukingoni, na kifuu chenye ufa hakina dawa. Toa nyuzi za nje kwa kisu, kisha piga msasa namba 80, halafu 120, umalizie na 240, mpaka king'ae kama mpingo. Raha ya kazi yote iko hapo. Kitako ni pete ya bomba la plastiki la inchi 2, kimo sentimita 1.5. Gandisha kwa gundi kabla ya kupaka mafuta ya nazi. Gundi haishiki penye mafuta.

Ndani tia karafuu kavu vijiko 2, vijiti 3 vya mdalasini na iliki 10. Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio. Ikipinda, bado ina unyevu.

Funika kwa kipande cha kanga cha sentimita 30 kwa 30. Napenda kukata penye jina, yaani yale maandishi ya kanga, lakini lisome kwanza: fumbo la kumsema mtu halifai kupelekwa Idi. Funga kwa ukindu uliobaki kwenye mkeka, uuroweke kwanza, la sivyo utakatikia kwenye fundo.