Tegu sio wa kitimoto tu

Jamani mimi miaka yote najua tegu ni mambo ya kitimoto kisichoiva au mishkaki yenye damu, basi. Na kwa vile kwetu kitimoto hakiingii ndani nikajiona niko mbali kabisa na hiyo kitu, mpaka wiki iliyopita.

Stoo nina gunia nne za mahindi na panya wameshahamia ukoo mzima, wale weusi wa darini wenye mkia mrefu kuliko mwili. Nikatega, asubuhi nakuta amenasa mmoja mkubwa, paka wangu analia pembeni anamtaka, nikawa nampa hivi, jirani yangu ambaye ni bwana mifugo akanipigia kelele kutoka kwake, "Mdogo wangu usimpe huyo, nisubiri." Akaja na glavu, akampasua pale pale juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Ini lilikuwa na vidude vyeupe kama choroko zimepachikwa. Akatumbua kimoja kwa ncha ya kisu kikatoka kinyoo kimejikunja, kina kichwa kabisa na pingili zake. Huyo ni tegu wa paka ambaye hajakua bado, yuko hapo kwenye ini anasubiri tu panya aliwe. Paka akimla, tegu anaenda kukulia kwenye utumbo wa paka, mayai yanatoka na mavi, panya anayaokota kwenye uchafu anakula, mambo yanaanza upya. Yaani mimi kila paka akikamata panya namsifia, kumbe namlisha minyoo kwa mikono yangu. Ila huyu wa kwenye ini binadamu ni nadra sana kumpata, dokta akasema tusubiri utumbo.

Kwenye utumbo sasa. Akavuta utepe mweupe kama tambi iliyopitiliza kuiva, anavuta tu hauishi, ukapita urefu wa rula ya shule. Huyu ndio tegu wa panya mwenyewe, kitaalam Hymenolepis diminuta, anaweza kufika sentimita 60 ndani ya mnyama ambaye ukitoa mkia hafiki hata 25. Hana mdomo wala utumbo, anafyonza chakula kwa ngozi yake. Nilivyorudi ndani nikaingia kusoma (usingizi wenyewe ulishakata) nikakuta kuna Mmarekani anaitwa Clark Read aliandika mwaka 1967 kwamba alikuwa anamhamisha tegu kwa upasuaji kutoka panya mzee kwenda panya kijana, tegu akaishi miaka 14! Panya mwenyewe miaka mitatu ni mingi. Inaonekana uzee wa huyu mdudu ni panya wake kufa, basi.

Turudi stoo. Mayai yake yakitoka kwenye mavi ya panya hayamuingii mtu moja kwa moja, yanataka kwanza yaliwe na mdudu, na mdudu mwenyewe ni wale wadogo wekundu unaowakuta kwenye unga uliokaa sana. Viroboto nao wanaweza kumbeba. Mdudu anakula mavi, yai linapasuka tumboni mwake, kinakaa kitoto cha tegu humo, na wameona mdudu mwenye kitoto hicho anakuwa mzito kutembea na hajifichi vizuri, yaani kama kawekwa mezani. Panya akimla kapata tegu. Na wewe ukimmeza kwenye unga umepata vile vile.

Dokta akaniuliza, "Unga kwako mnachekecha?" Nikanyamaza. Bibi yangu alikuwa anachekecha kila siku mpaka tunamuona anajichosha, sisi tunamwaga tu kwenye sufuria. Ugali na uji ulioiva vizuri hauna neno, moto unamuua, shida ni unga mbichi, na mwanangu wa mwisho ana tabia ya kuchota konzi anaramba huku anakimbia.

Wengi wakipata hawasikii chochote, wengine tumbo linauma, wanaharisha, hamu ya kula inapotea. Kuna na mdogo wake, tegu mfupi wa sentimita 4 hivi, huyo hahitaji hata mdudu, mtoto anamchukua kwa mikono michafu tu na anaweza kujiambukiza mwenyewe tena na tena, ndio maana kwa watoto ni wengi. Wote hao wanapimwa kwa choo, na dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayogawa shuleni kwa ajili ya kichocho. Mimi nilikuwa nategemea ile albendazo ya kila miezi sita, kwa hawa haina nguvu sana.

Choo cha mtoto nimepeleka, wameona hakuna kitu, nimepumua. Paka kapewa dawa kwa shida, kanikwaruza mkono mzima. Mahindi nimehamishia kwenye pipa la bati lenye mfuniko, na chekeche nimenunua. Jana usiku nasikia pipa linakwanguliwa kwaru kwaru, namulika tochi, paka kalala juu ya mfuniko hata sikio hajainua.