Nilivyojitengenezea waya za kushikilia mlango wa nyuma wa pikapu

Pikapu yangu kazi yake ni kushusha ndizi na majani ya ng'ombe kutoka Kibosho mpaka Moshi mjini, kwahiyo ule mlango wa nyuma unashushwa kila siku na watu hawaushushi tu, wanaukalia, wanaukanyaga, mikungu inaburuzwa hapohapo. Waya zilizokuwepo zilivishwa plastiki nyeusi, kwa nje ziko poa kabisa kumbe ndani kutu imeshamaliza, wa kulia ukakatika mlango ukaning'inia upande mmoja. Wa kushoto nao nikautoa, maana umri wao ni mmoja.

Za mtumba zipo ila unanunua uzee uleule. Kuna jamaa akaniambia weka cheni, sawa cheni ni imara sikatai lakini barabara nzima ni kelele na rangi inakwanguka. Mwingine ananiletea habari ya waya wa breki za pikipiki! Ule ni wa kuvuta breki, sio wa kubebea mtu na mkungu wake. Halafu waya wa mlango unakaa mshazari, kwahiyo unavutwa kuliko uzito wenyewe, ukikaa pembe ya nyuzi 45 na mlango ulioshushwa mvuto unakuwa kama mara 1.4 ya uzito unaoubeba, ukilala mpaka nyuzi 30 ni mara 2.

Nikaenda hadiwea nikachukua waya wa chuma wa kusuka milimita 4, uliopakwa zinki, ule wenye vikamba 7 na kila kikamba nyuzi 19. Huo unakunjika vizuri, wa 7 kwa 7, yaani vikamba 7 vya nyuzi 7 kila kimoja, ni mbishi. Muuzaji akawa ananisukumia wenye plastiki eti unapendeza, nikamwambia "Mangi, nipe uliovuliwa nguo, nataka nione kutu ikianza", akacheka akanikatia.

Sasa kipimo, hapa usiwe na haraka. Nilitumia kamba ya kawaida kwanza. Nikaegemeza mlango kwenye stuli, nikaweka pimamaji, nikauinua kidogo tu kuliko usawa ili mzigo usitake kuteremka wenyewe, nikafunga kamba pande zote mbili. Alafu nikafunga mlango taratibu huku naangalia kamba inajikunjia wapi, maana ikiingia kwenye loki waya utabanwa na kukatika mapema. Ndo nikahamishia vipimo kwenye waya, nikaongeza urefu wa kukunja vitanzi. Pa kukata zungushia tepu ya umeme ndo upitishe grinda, bila hivyo nyuzi zinafumuka zote.

Kila kitanzi nikakiweka kile kichuma chenye mfereji ili waya usijikate kwenye bolti, na klipu mbili mbili, zimeachana kama sentimita 2.5. Klipu ina upande wa kikalio, kile kipande ambacho nati zinakikalia, na upande wa U, ile bolti iliyopinda. Kikalio kinakaa kwenye waya mrefu unaobeba mzigo, U inabana kile kimkia kifupi. Mafundi wengi wanageuza hovyo, U inauponda waya unaobeba na hapo umeshapunguza nguvu. Kwenye bolti nikaweka kipande cha bomba kama bushi, washa pana na lok nati, ili kitanzi kizunguke chenyewe bila kubanwa.

Baada ya kupakia mzigo wa kwanza nikazikaza klipu tena, kwasababu waya ukivutwa unapungua unene na klipu inalegea hata kama ulikaza mpaka ukatoka jasho. Katikati, panapogusa bodi, nikavisha mpira wa maji ule unaoonyesha ndani, vimkia nikavifunga tepu visichome mikono ya vijana wa kupakia.

Kukagua ni kitambaa tu, unakipitisha kwenye waya kuanzia juu mpaka chini, kikinasa ujue kuna uzi umekatika, waya huo toa weka mwingine.