Na Mama kwa treni: Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani

Mama amekuja Utrecht kutoka Tanga kunitembelea. Kwa kuwa viza ya Schengen moja inatosha kwa nchi zote hizi, sikutaka ashinde ndani akitazama mvua. Tukapanda treni kwenda Ubelgiji. Mpakani hapakuwa na geti wala wa kuuliza pasipoti. Mama, aliyezoea foleni ya Horohoro, aliishika yake mkononi mpaka Antwerp.

Brussels tulipita tu. Nilitaka afike Tervuren, mji mdogo nje ya Brussels, kwa tramu namba 44 inayopita msituni. Wengi huenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya Afrika. Sisi tulianzia kanisani, walipozikwa Wakongo saba waliofariki mwaka 1897. Waliletwa na wenzao zaidi ya 200 kwa amri ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wakawekwa watazamwe na umati. Mama alisoma majina kwa sauti: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Akawaombea, kisha akanigeukia: "Hawa nao walizaliwa na mama. Walete wanao huku, mwanangu, wawajue." Nitawaleta. Kaburi lile linanichoma kuliko chochote nilichokiona Ulaya.

Köln, Ujerumani, kanisa kuu liko mlangoni mwa stesheni. Lilianza kujengwa 1248, likakamilika 1880. Magoti yalimuuma Mama, hatukupanda mnarani. Tulikaa ngazini tukala maandazi aliyoyapika jikoni kwangu. Ufaransa tumeiacha hadi safari ijayo, na Mama ameshakubali kurudi.