Kutia meno kwenye ndoo ya trekta: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1

Ndoo ya mbele ya trekta yangu iliundwa kwa ajili ya kuchota na kupakia, wala si kwa kuchimba. Kwenye mchanga, samadi na udongo uliokwisha kulainishwa haijawahi kuniangusha, lakini nilipoanza kuchimba bwawa dogo la kunyweshea mifugo, ukingo wake uliteleza juu ya udongo mkavu wa mfinyanzi kama jembe butu juu ya mwamba. Magurudumu ya nyuma yalizunguka papo hapo, na baada ya saa nzima ya kazi nilikuwa nimekwangua kina cha vidole viwili tu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukingo wa ndoo hii ni mstari mmoja ulionyooka wenye urefu wa milimita 1,500, na msukumo wote wa trekta hugawanyika juu ya mstari huo. Nikifunga meno saba, kila moja likiwa na ncha yenye upana wa milimita 60, sehemu inayotangulia kuugusa udongo itakuwa milimita 420 tu, na hivyo shinikizo chini ya kila ncha litapanda zaidi kidogo ya mara tatu na nusu. Meno hayaongezi nguvu ya trekta hata kidogo. Kazi yake ni kuikusanya mahali pachache. Nimeliandika jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: nguvu inayokusanyika kwenye ncha hukusanyika vilevile kwenye bolti zinazoishika ncha hiyo, na jino moja likikutana na jiwe lililozikwa, trekta nzima itakuwa inasukuma bolti mbili.

Nilikuwa na njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni bapa moja refu la chuma lenye meno, linaloingizwa ndani ya ndoo na kufungwa kwenye kuta zake mbili za pembeni; hufungwa na kufunguliwa upesi, lakini lazima lilingane na upana wa ndoo bila kucheza. Ya pili ni kuchomelea vishikio moja kwa moja juu ya ukingo. Ya tatu ni vishikio vinavyofungwa kwa bolti kimoja kimoja, na jino lenyewe huvalishwa kwenye pua ya kishikio na kuzuiwa kwa pini, hata likilika unalibadilisha kwa nyundo na kipande cha chuma cha kutolea pini. Leo nimeegemea hii ya tatu, ingawa kuchomelea bado kunanivutia kwa sababu hakuhitaji kutoboa chochote.

Siku ya 2

Kuchomelea kumeondoka mezani, na kilichokuondoa ni tupa. Mjomba, ambaye amefanya kazi ya uchomeleaji tangu sijazaliwa, alikuja kuiangalia ndoo kabla sijagusa kitu. Hakupima wala hakuuliza maswali. Alikwangua rangi kidogo pembeni mwa ukingo, akaikandamiza tupa yake na kuivuta. Tupa haikushika, iliteleza na kutoa mlio mwembamba, na mahali ilipopita pakabaki mng'aro tu bila hata unga wa chuma. Kisha akaivuta kwenye sakafu ya ndoo, sentimita chache nyuma ya hapo, na papo hapo ikang'ata na kuacha mikwaruzo myeupe.

“Umesikia tofauti, mjomba?” akaniambia. “Hiki cha mbele kimekomazwa. Ukikichoma bila utaratibu, utakilegeza hapo moto ulipopita, au kitapasuka kando ya mshono.”

Chuma kilichokomazwa, yaani kilichofanywa kigumu kuliko cha kawaida, huweza kuchomelewa, lakini hutaka kupashwa moto kwanza kwa kiwango kinachojulikana, kuchomelewa kwa vijiti vinavyofaa vilivyohifadhiwa pakavu, na kuachwa kipoe polepole. Ufa unaweza kujitokeza hata siku moja baada ya kazi kumalizika, wakati fundi amekwisha kufunga vifaa vyake. Sina namna ya kuyahakikisha hayo yote kwenye uwanja wa nyumbani, kwa hiyo nitafunga kwa bolti, na tatizo langu sasa ni kutoboa chuma ambacho tupa imeshindwa kukikwaruza.

Siku ya 3

Niliishusha ndoo chini, nikaitoa kabisa kwenye mikono ya trekta na kuilaza juu ya magogo mawili mazito, midomo ikitazama juu kidogo. Sifanyi kazi chini ya ndoo iliyoinuliwa kwa haidroliki peke yake, hata kwa dakika moja. Mpira mmoja ukipasuka, au mtoto akigusa wenzo, ndoo hushuka bila kumsubiri mtu.

Ukingo una unene wa milimita 16 na upana wa milimita 150 kuelekea nyuma, na hilo ni jambo jema, kwani ukingo mwembamba ungepinda katikati mara tu jino la kati litakapokwama. Kupima nilianza kwenye mstari wa katikati na kwenda pande zote mbili: milimita 233, kisha 467, kisha 700. Awali nilitaka kupima kutoka jino hadi jino, nikaacha, maana kosa la milimita mbili likirudiwa mara sita huzaa milimita 12, na jino la mwisho lingegonga ukuta wa ndoo. Meno ya pembeni nimeyaweka karibu sana na kuta, nafasi iliyobaki ikiwa milimita 20 tu, kwa makusudi mawili: hapo ndipo ndoo ilipo imara zaidi, na pia jino linapaswa kuifungulia njia ile kona ya ukuta ili isiburuzwe kwenye udongo ambao haujakatwa.

Siku ya 4 na ya 5

Kutoboa matundu 14 kumenichukua siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza niliipoteza kwa haraka yangu. Nilianza na biti ya milimita 6 kwenye drili ya mkono, nikaizungusha kwa kasi ileile ninayotumia kwenye vyuma vya kawaida. Ilipiga kelele, ikatoa moshi, na nilipoitoa ncha yake ilikuwa imegeuka rangi ya samawati na haina makali tena. Ndani ya tundu, kwenye kina cha milimita tatu, palikuwa pamelainika na kung'aa kama kioo.

Siku ya pili niliazima drili ya sumaku, inayojishikiza yenyewe kwenye chuma, nikatumia biti zenye kobalti na kuzikokotolea kasi. Kwa chuma kigumu namna hii nilichukua mita 10 kwa dakika pale kwenye ukingo wa biti. Hiyo ni mizunguko takriban 530 kwa dakika kwa biti ya milimita 6, na 180 tu kwa biti ya milimita 17.5 inayofungua tundu la bolti ya M16, yaani yenye kipenyo cha milimita 16. Ukiitazama biti kubwa ikizunguka kwa kasi hiyo utadhani umeme umepungua. Lakini ukiikandamiza kwa uzito usiolegea na kudondosha mafuta ya kukatia bila kukoma, huanza kutoa ukanda mrefu wa chuma uliojisokota kama chemchemi, na huo ukanda ndio dalili kwamba biti inakata, haisugui. Ukianza kutoka unga, ni afadhali uzime na kuitazama ncha. Lile tundu lililong'aa nililimaliza kwa biti mpya na mkandamizo mkubwa zaidi, na ilibidi nitumie biti mbili kwa tundu hilo moja.

Siku ya 6

Leo nimefunga meno. Bolti ni za plau, zile zenye kichwa kinachozama na shingo ya mraba inayokaa ndani ya shimo la mraba la kishikio, hivyo hazizunguki wakati nati inapokazwa kutoka chini. Kila kishikio kina bolti mbili, ambazo pia hukizuia kisizunguke jino linapopigwa upande. Bolti ni za daraja la 10.9, namba inayoonyesha uimara wa chuma chake, na nilizikaza kwa spana ya kupimia hadi takriban Nm 290, yaani kama kuning'iniza kilo 30 kwenye mpini wa urefu wa mita moja.

Nilirudi bwawani kabla ya jua kuzama. Meno yaliingia kwenye udongo uleule ulionishinda, nami nilifurahi kiasi cha kusahau uchovu wa siku mbili. Furaha ilidumu chini ya saa mbili. Nilisikia mgongano mdogo kila nilipoibetua ndoo, nikashuka, nikalishika jino la pili kutoka kushoto, likacheza mkononi. Nati zake mbili nilizizungusha kwa vidole. Za jino la tano nazo zilikuwa zimelegea, ingawa si kiasi hicho.

Siku ya 7

Nimeyatoa meno yote, na chanzo kimeonekana mara tu kishikio cha kwanza kilipoinuliwa: chini yake palikuwa na rangi, ya ukingo na ya kishikio chenyewe, iliyopondeka na kusukumwa kandokando kama siagi chini ya kisu. Nilikuwa nimeiacha nikidhani itazuia kutu.

Hapa naomba kueleza kwa kirefu, kwa kuwa nadhani wengi huliruka jambo hili. Bolti iliyokazwa sawasawa haifanyi kazi kama kigingi kinachozuia kishikio kisihame. Inafanya kazi kama chemchemi ngumu sana. Unapoikaza inarefuka kidogo, na katika kutaka kurudi kwenye urefu wake inavibana vyuma viwili pamoja. Msuguano wa vyuma vilivyobanwa ndio unaolibeba jino. Bolti ya M16 ya daraja hilo, ikikazwa ipasavyo, hubana kwa nguvu inayokaribia tani 10. Lakini hurefuka kiasi gani? Unene wa kishikio pamoja na ukingo ni milimita 41, na kwa kipande kifupi hivyo bolti hurefuka kwa takriban milimita 0.12 tu. Tabaka mbili za rangi zinaweza kufikia unene huo huo. Mtikisiko wa kazi unapoiponda rangi na kuisukuma nje, bolti hurudi kwenye urefu wake wa awali na kubana kwake kote kunatoweka, ingawa nati haijazunguka hata robo.

Ndiyo maana kukaza tena kwa nguvu zaidi kusingenisaidia. Niliondoa rangi yote kwa grenda yenye brashi ya waya, juu ya ukingo, chini ya kila kishikio na mahali washa zinapokaa, nikavipangusa vyuma hadi kitambaa kikatoka kisafi, nikafunga upya. Rangi nimeipaka baadaye kuzunguka kishikio, kwa nje. Nilikaza tena baada ya saa moja ya kazi, na nati tano kati ya 14 zilisogea kidogo. Baada ya saa nane haikusogea hata moja. Kila nati nimeichora mstari mweupe unaovuka hadi kwenye ukingo, ili kulegea kuonekane kwa macho kabla ya kusikika.

Baada ya saa 30 za kazi

Bwawa limefikia kina nilichokitaka, na nimejifunza namna tofauti ya kuchimba. Hapo zamani nilikuwa nikiisukuma ndoo kwa trekta nzima. Sasa ninaielekeza ncha ya meno chini kidogo, ninasogea polepole hadi yazame, kisha ninaibetua ndoo kwa silinda zake huku trekta ikisogea taratibu. Udongo unapasuka kwa mabonge badala ya kusagika. Jambo ninalolikataa kabisa ni kung'oa kisiki au jiwe kwa jino moja la pembeni, kwani hapo nguvu yote hupita kwenye mkono mmoja wa trekta na kuisokota fremu nzima, na hakuna bolti itakayoonya mapema.

Hasara zipo. Meno, vishikio na bolti vimeongeza karibu kilo 27 mbele kabisa ya ndoo, nami ninauhisi uzito huo ninapobeba mawe. Kusawazisha ardhi kwa kurudi nyuma ndoo ikiwa imelala hakufai tena: meno huacha mifereji saba, na nati zilizo chini ya ukingo hukwaruzwa. Zile za katikati tayari pembe zake zimeanza kuviringika, na zikiendelea hivyo spana haitazishika. Kusawazisha sasa nakufanya kwa bapa la nyuma ya trekta, na nati nne za katikati nitazibadilisha mwishoni mwa wiki hii kabla hazijakataa kufunguka.

Meno yenyewe nimeyapima kuanzia kwenye pini hadi kwenye ncha. Yale mawili ya pembeni yamepungua milimita nne, ya katikati milimita mbili. Yote ni ya aina moja, kwa hiyo nitakapozitoa nati hizo nitayahamishia ya pembeni katikati na ya katikati pembeni, kisha nipime tena baada ya saa nyingine 30.