Nilivyomwandalia baba burudani ya ndegeni kwa gharama ya bando tu

Tulipomwambia baba kwamba dada amemkatia tiketi ya kwenda Houston, hakuuliza habari za baridi wala chakula. Aliuliza, "Redio nitaishikaje huko juu?"

Baba alistaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hapa Mbeya, na tangu nipate akili redio yake ndogo haijawahi kulala mbali na mto wake. Alfajiri saa kumi na moja anaamka nayo, jioni anakwenda nayo Mwanjelwa kwenye drafti. Mtu wa namna hiyo nilikuwa nakwenda kumkalisha kwenye kiti saa sita hivi kutoka Dar es Salaam hadi Doha, kisha kama saa kumi na sita tena mpaka Houston. Maandishi madogo hayaoni vizuri, na filamu za kwenye ndege hazikuandaliwa kwa mtu anayetaka Kiswahili. Nikaona hilo swali la redio ni la kulitafutia jibu la kweli.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumia. Miaka michache nyuma nilisafiri na simu iliyojaa nyimbo nilizozihifadhi kwenye programu moja ya muziki. Tulipopaa ikanitaka niingie upya kwa nenosiri, na kuingia kunataka intaneti. Nikakaa saa tisa natazama mgongo wa kiti cha mbele. Kwa hiyo safari hii nilijiwekea sharti: kila kitu kiwe faili lililomo ndani ya simu au kwenye memori kadi, na siku mbili kabla ya safari naweka simu kwenye hali ya ndegeni, naizima, naiwasha, halafu nafungua kimoja kimoja. Katika jaribio hilo vipindi vitatu nilivyodhani vimeshapakuliwa vilikataa. Afadhali vilikataa nikiwa nyumbani Uyole.

Redio ya baba niliitengeneza kwa AntennaPod. Ni programu ya bure ya kupakua vipindi vya sauti, haina matangazo, wala haikudai kufungua akaunti. Nikamtafutia idhaa za Kiswahili anazozijua: DW, habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili, na RFI, hasa Changu Chako, Chako Changu, kwa sababu baba anapenda historia. Nilipakua kwa bando la usiku. Watu wengi huogopa kwamba mambo haya yanamaliza bando, lakini sauti si video. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, na ya kilobiti 128 ni kama MB 58. Saa 20 za maongezi hazifiki hata GB 1.2. Nikaongeza Biblia ya kusikiliza kutoka Bible.is, na mazoezi ya kwaya ya mtaani kwetu ambayo nilirekodi kwa simu baada ya kumwomba mwalimu wao ruhusa. Ya kwaya niliyafungulia kwenye programu ya VLC, nayo ni ya bure, na majina ya mafaili niliyaanza na namba ili baba asihangaike kutafuta.

Kwa ajili yangu nilichukua vitabu vya Project Gutenberg na vya kusikiliza vya LibriVox, ambavyo husomwa na watu wanaojitolea. Vingi ni vya Kiingereza, baba havikumhusu. Programu ya Kiwix ndiyo ilitufaa wote wawili: inahifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu, nami nikawa namsomea makala anazotaja.

Drafti nusura inishinde. Michezo ya bure ipo mingi, ila mingi ina kanuni za kigeni ambazo kingi anatembea hatua moja moja kama kete ya kawaida. Baba angeirudisha simu palepale. Tafuta inayokuruhusu kuchagua kanuni, uweke kingi anayeruka mbali. Niliipata, akacheza na mashine michezo miwili, akaacha. "Hii haina mdomo," akasema. Nikaelewa. Kijiweni drafti ni maneno nusu, kete nusu. Nikabadilisha iwe ya wachezaji wawili, tukawa tunapokezana simu juu ya kimeza cha chakula, akinitambia kwa sauti ya chini watu wasiamke.

Lakini kilichomfurahisha kuliko vyote ni ramani, nayo nilikuwa nimeiweka kama nyongeza tu. Simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni bado inaweza kupokea GPS, kwa kuwa GPS inapokea mawimbi ya setilaiti tu, haitumi kitu. Ukiwa dirishani na ramani umeshaipakua, unaona kinukta chako kinavyotembea juu ya nchi. Nilitumia Organic Maps, ambayo ni ya bure na inatumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Nilipakua Tanzania yote tukiwa nyumbani. Pale uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, nikaifungua kabla hatujapanda ndege ya kwenda Dar, simu ikakamata setilaiti mapema, maana ukianzia hewani inaweza kuchukua dakika kadhaa. Baba nikampa kiti cha dirisha upande wa kulia.

Tulipokaa sawa juu ya mawingu nikampa simu, nimeikuza ramani mpaka mstari wa reli ukaonekana. Akaitazama kimya, kisha akaweka kidole. "Hii ni Chimala. Hii Rujewa." Reli ilikuwa kusini yetu, mbali kidogo, inashuka kutoka Makambako kwenda Mlimba, kipande cha mahandaki na madaraja ambacho nimekuwa nikisimuliwa tangu utotoni. Kila stesheni aliipa kisa chake: behewa lililoacha reli, mvua iliyowaweka siku mbili porini, fundi wa Kichina aliyejifunza Kiswahili kwa kucheza drafti. Mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na nina miaka arobaini na moja.

Kisha kinukta kikakaribia Kidatu na mawingu yakapasuka. Chini tuliona mashamba ya miwa ya Kilombero, kijani kilichokatwa miraba, na milima ya Udzungwa pembeni. Baba akabandika paji la uso kwenye kioo. "Hapa ndipo mizigo inapohamishwa," akaniambia. "Reli yetu upana wake ni milimita 1,067, ile inayotoka Kilosa ni milimita 1,000. Behewa haliwezi kupita moja kwa moja." Aliyasema kama mtu aliyekabidhiwa zamu. Nilipomwonyesha namna ya kukuza ramani mwenyewe kwa vidole viwili, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, na simu sikuishika tena mpaka tunatua Dar.

Mambo mawili ya vifaa, maana yanaweza kuharibu yote. Pawabenki iwe kwenye mzigo wa mkononi, isiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na kwa kawaida isizidi wati-saa 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, haina shida. Na hedifoni chukua za waya. Za bila waya ziliisha chaji katikati ya safari ya pili, nikabaki nazo mfukoni, wakati za baba, za bei ndogo kutoka Kabwe, zilifika Houston zinaimba.

Tunarudi mwezi ujao. Juzi baba ameniagiza nitumie intaneti ya dada kumpakulia ramani ya Zambia, anataka kuifuata reli mpaka Kapiri Mposhi akiwa amekaa tu. Na kutoka Dar kurudi Songwe ameshaniambia tuombe viti vya kushoto, kwa sababu reli itakuwa upande huo.