Mradi wa honi: wiki ya tisa, na kile kipande cha gonja (ndizi ya kuchoma)

Haya nimerudi. Nilisema nitaandika kila Jumapili, nikaruka wiki tatu, lakini mitumba haina Jumapili hasa shule zikikaribia kufunguliwa kwa hiyo mnivumilie.

Kwa ambaye hajui mradi wenyewe ni huu: najaribu kujiondolea woga wa honi ya trela. Mwaka jana taksi tuliyopanda Kampala kurudi Busia ilitoka barabarani ndani ya msitu wa Mabira, umepita kidogo tu Najjembe, lile soko la kando ya barabara, trela ya upande wa pili ilikuwa inaovateki ikatujia uso kwa uso huku imelalia honi, dereva wetu akakata kushoto tukaingia mtaroni. Hakufa mtu. Mzee mmoja alivunjika mkono, mimi goti likavimba wiki moja, basi. Ila tangu siku ile honi ya trela ikilia moyo unapanda kooni na viganja vinalowa, na mimi naishi Busia jamani, mji ambao malori yanapanga foleni ya kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda usiku na mchana.

Miezi minane sikukanyaga Owino, soko la Kampala ninakonunua mitumba. Nilikuwa natuma hela kwa simu mtu ananichagulia belo, na anayekuchagulia belo si wewe. Mwezi wa pili nilifungua belo ya nguo za watoto nikakuta majaketi mazito ya manyoya, kwa jua hili la Busia, mpaka leo yamo chini ya kitanda. Hapo ndipo nikasema hapana, hii kitu lazima niitengeneze mwenyewe. Mume wangu akauliza kama anitafutie nafasi Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamwambia anunue daftari kwanza, hakununua, kwa hiyo naandika nyuma ya daftari la madeni.

Wiki ya 1 na 2 nilianza na njia ya Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliyoiandika miaka ya 1950. Unaupa woga wako namba kuanzia 0 mpaka 100, unapanga matukio kuanzia dogo, unalegeza mwili kabisa ndipo unaleta picha kichwani, ikikuzidi unaiacha unarudi kulegea. Hoja yake ni kwamba mwili uliotulia na woga havikai chumba kimoja. Zangu: honi ya mbali usiku nikiwa kitandani 20, kusimama stejini trela ikipita 45, kukaa ndani ya taksi 70, Mabira 95. Nalala chali, nakaza ngumi nalegeza, nakaza mabega nalegeza, halafu naleta picha. Mbili za chini zilishuka vizuri tu, ya kitandani sasa hivi hata siisikii. Ya taksi ikashuka mpaka 60 ikagoma. Mabira sikuweza hata kuigusa.

Wiki ya 3 na 4 nikaingia kwenye mambo ya Bandler na Grinder, wale jamaa wa California wa miaka ya 1970, wao wanasema usishughulike na kilichomo kwenye picha, shughulika na jinsi picha ilivyokaa: isogeze mbali, ipunguze mwanga, itoe rangi, ifanye ndogo, badilisha sauti. Madai yao mengi waliyoyapima watafiti hayajasimama vizuri, nasema mapema asije mtu akasema nimemdanganya. Lakini kujaribu ni bure. Nikaiweka Mabira kwenye tivii ndogo ya blakiwaiti, tivii nikaiweka ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha chapati. Ikakaa! Trela ikawa kama ya kuchezea. Honi ndiyo ikakataa kupungua, yaani trela ndogo kama kiberiti lakini honi ile ile ya kutikisa kifua. Basi nikaipa sauti ya mbuzi. Siku mbili nilicheka peke yangu kama chizi. Siku ya tatu trela ya kweli ikapita dukani ikalia, na mbuzi hakuonekana.

Sasa wiki ya 5 ndiyo wifi yangu akaingia. Tunauza meza jirani, nikamwomba anishikie saa nikifanya zoezi. Akaniangalia muda halafu akauliza, "Wifi, ukisema unaona picha, unaona kweli? Kama video?" Nikasema ndiyo, kwani wewe huoni? "Mimi nikifunga macho ni giza. Najua mwanangu anafananaje, ila simwoni." Nilidhani ananitania. Kumbe wapo watu hivyo, Mwingereza Galton aliligundua mwaka 1880 alipowauliza watu waieleze meza yao ya chai ya asubuhi jinsi wanavyoiona kichwani, wengine wakamwambia hawaoni chochote, tena wengine walikuwa wanasayansi wenzake. Hata jina halikuwepo mpaka 2015 daktari Zeman na wenzake wakaiita afantasia. Wifi ameishi miaka arobaini na moja akidhani "kuona akilini" ni maneno ya kusema tu. Tuliliongea hilo mpaka wateja wakaanza kujihudumia.

Nikamuuliza sasa unakumbukaje mambo? Akasema, "Kwa maneno. Mtu akinieleza kitu nakishika kama alivyokieleza." Shikeni hilo, linakuja.

Wiki ya 6. Nikasoma habari za Lang, mwanasaikolojia Mmarekani, mwaka 1979. Yeye anasema picha ya kichwani ya kutia woga si picha ya ukutani. Ndani yake mna unachokiona pamoja na mwili wako unavyofanya, kwa hiyo ukimsimulia mtu "kuna trela" hupati kitu, lakini ukitia na jasho na moyo na misuli, mwili unaitika kama uko pale, na usipoitika hakuna cha kurekebisha. Nikaona ndiyo maana tivii ya kibandani haikufua dafu, nilikuwa nimejitoa mwenyewe nje ya taksi. Basi nikaandika upya, nusu ukurasa. Kiti cha plastiki kinanata mapajani. Harufu ya dizeli na kuku wa kuchoma, maana tumetoka Najjembe na kila abiria kanunua mshikaki kupitia dirishani. Redio inaongea Kiganda. Upepo wa msituni una ubaridi, ni wa majani mabichi. Goti langu limebanwa na kiti cha mbele. Honi.

Wifi akasoma kwa sauti, polepole kama nilivyomwomba. Nikafika 90, viganja vimelowa. Akafika kwenye honi akanyamaza. Halafu akauliza, "Halafu?"

Halafu nini. Imeisha hapo.

"Haijaisha hapo. Ulifika nyumbani saa nne usiku, ukatusimulia. Ukasema gari limelala ubavu na wewe bado umeshika gonja mkononi, ina moto, hata hukuidondosha, yule mama wa nyuma akaiona akaanza kucheka huku analia. Ukatuletea kwenye karatasi imepondeka."

Banange. Nilikuwa nimeisahau kabisa ile gonja. Mwaka mzima filamu yangu inakatika kwenye honi, kila mara, na yule asiyeona picha hata moja ndiye aliyekuwa na kipande kilichobaki, kwa sababu nilimpa kwa maneno usiku ule ule.

Nikaenda kutafuta zaidi, na kumbe wanaotibu watu wa ajali wanaijua hii, Ehlers na Clark wa Uingereza waliandika mwaka 2000 kwamba kumbukumbu ya namna hii inakaa vipande vipande, haijaungana na yale mtu aliyokuja kuyajua baadaye. Kwa hiyo kule kujua kwamba ulipona inabidi ukuchomeke pale pale penye moto, dakika ile ile, usije ukajifariji nako baadaye ukinywa chai. (Yangu ilikuwa goti tu. Mwenye mambo mazito, watu wamekufa au amefanyiwa unyama, asifanye haya peke yake na daftari la madeni, atafute mshauri aliyesomea.)

Wiki ya 7 ikawa ya gonja. Nanunua ya moto kwa yule dada wa kona, nashika kwenye karatasi mkono wa kulia, wifi anasoma. Akifika kwenye honi hasimami, anaunganisha: honi, mtaro, kiganja kina moto. Siku ya kwanza 90 mpaka 70. Ya pili 65. Ya tatu gonja ilikuwa imepoa, ikawa mbao tu mkononi, nikabaki 85, kwa hiyo moto ndio unaofanya kazi kuliko gonja yenyewe nadhani. Ya nne 50.

Halafu nikaharibu. Siku ya tano mtoto kaleta gonja nyumbani, nimeinusa tu, moyo ukaruka. Jamani! Nilikuwa nimefunga kamba mbili pamoja na hiyo kamba inavuta pande zote, gonja inatuliza honi na honi inatia sumu gonja. Hili sikuliona popote nilipokuwa nasoma. Nikasimamisha zoezi siku nne, kazi ikawa kula gonja tu, na karanga, na wifi, tukisema watu.

Wiki ya 8 mauzo, sikufanya lolote.

Wiki ya 9, yaani Alhamisi hii, nilikwenda. Kwenda nilikaa kiti cha ndani nikafumba macho Mabira yote, sihesabu hiyo. Owino nikachagua belo mbili kwa mikono yangu, daraja la kwanza, kamera kama wanavyoiita wenzetu wa ng'ambo, sweta za shule hazina hata kitundu. Kurudi nikakaa dirishani. Najjembe wakatuvamia na mishikaki yao nikanunua gonja mbili, kondakta akanisisitiza tuondoke nikaacha hata chenji. Dakika chache mbele, kwenye kivuli kile, trela ikatokea upande wao, ikalia. Tumbo likaporomoka, viganja vikalowa, nikasema haya ndiyo haya. Nikaikaza gonja mkononi mpaka ikatoka kwenye karatasi ikaniunguza kidole. Trela ikapita. Abiria wa pembeni akanitazama akasema, "Mama, hiyo chakula imekukosea nini?"

Sikuwa na daftari. Nikaandika kwenye ile karatasi yenye mafuta, 40, nikala kilichobaki kabla ya Jinja. Ya pili nilimpelekea wifi. Imepondeka.