Vibao vya laana vya Bath: nilipofikia mpaka sasa

Bamba la kwanza limekubali kuandikwa. Ni jembamba kiasi cha kukunjika kwa vidole, na nusu ya maneno ya Docimedis, mmoja wa walioandika laana hizo, yamekwisha kuingia.

Kwa asiyejua mradi huu: nanakili kwa mkono vibao vya metali, vilivyoandikwa maombi ya kulaani wezi, vilivyotolewa kwenye chemchemi ya maji moto ya Bath, Uingereza. Enzi za Warumi palikuwa na hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva pembeni yake, na watu walitupa majini sarafu, vyombo na malalamiko yao. Maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 46, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, kwa hiyo hapo si mahali pa kupiga mbizi kusaka vitu. Mwaka 1978 msichana alifariki kutokana na ameba baada ya kuogelea katika maji hayo. Waogaji wakazuiwa, na ndipo mwanaakiolojia Barry Cunliffe na wenzake walipopata nafasi ya kuchimba chini ya bwawa, 1979 na 1980. Tope likatoa sarafu zaidi ya 12,000 na vibao takriban 130.

Wageni wengi wa makumbusho huishia kwenye sarafu. Mimi siwezi kumpita Docimedis. Kaibiwa glavu mbili. Glavu! Na kwa ajili ya glavu hizo anaomba mwizi apotewe na akili na macho yake. Solinus yeye kaibiwa vazi la kuogea na joho, basi mwizi asipate usingizi wala afya mpaka avirudishe hekaluni, "awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au huru". Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji mkalimani hapo: hiyo ni albadiri kamili, ila badala ya kusomwa inaandikwa na kuzamishwa.

Tukirudi kazini. Vibao vya asili ni mchanganyiko wa metali mbili, stani (tin) na risasi (lead). Risasi siitaki jikoni kwangu, kwa hiyo nimeyeyusha kikombe kikuukuu cha stani kutoka soko la mitumba, nikamimina juu ya jiwe bapa, kisha nikakiponda kwa nyundo ya mbao. Kuandika ndiko kwenye kazi. Kalamu ya chuma ukiisukuma mbele inazama na kukwama. Ukiivuta kuelekea kwako inateleza na kuacha mfereji safi, wenye ukingo mdogo unaong'aa upande mmoja. Ndiyo maana, nadhani, mwandiko wa Kirumi wa zamani unapenda mistari mifupi ya kushuka. E ni vijiti viwili tu vilivyosimama, na B ina tumbo upande wa kushoto, utadhani ni d. Mviringo wa O umenitoa jasho.

Nilikuwa nikiamini hekalu lilikuwa na waandishi wa kulipwa waliowaandikia watu. Siamini tena sana. Karibu kila kibao kina mwandiko wake, na vingine vina mikwaruzo tu inayoiga maandishi. Mwenye kibao pengine hakujua kusoma, lakini aliona mungu atamwelewa. Hivyo vya mikwaruzo navipenda kuliko vyote, na nitavinakili hata kama hakuna atakayejua nimekosea au nimepatia.

Docimedis akimalizika atakunjwa, kama vilivyokunjwa vingi. Chemchemini hatatupwa, sheria hairuhusu na wala siombi ruhusa. Atakaa kwenye ndoo ya tope nione rangi ya stani itabadilikaje.

Anayefuata ni Annianus, aliyeibiwa sarafu sita za fedha kutoka mfukoni mwake. Hakubahatisha: anamlaani mwizi "awe mpagani au Mkristo", halafu anaongeza orodha ya majina ya watu. Kwa maneno yote hayo bamba langu halitoshi. Natafuta kikombe kingine, kikubwa zaidi.